Dalali, Kilemba na Amana: Je, Ni Haki Kulipwa kwa Kumwelekeza Mwenzio?

Neno dalali limekuwa neno baya kidogo masikioni mwa watu wa siku hizi. Mtu akiambiwa, "Wewe ni dalali tu," hujiona ametukanwa. Hapa Bujumbura wengi wetu hata hatulitumii. Husema komisiyoneri, kwa kuiga Kifaransa, na humkusudia yule kijana asimamaye pembeni mwa njia huko Bwiza au Buyenzi, ajuaye nyumba ipi imeachwa na mpangaji na ipi inamtaka mpangaji. Lakini asili ya neno dalali haina ubaya wowote. Ni neno la Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa neno dalili, maana yake kuonyesha, kuongoza, kutoa alama ya njia. Dalali, basi, ni mwonyesha njia aliyeifanya kazi hiyo kuwa riziki yake. Swali ninalotaka kuwawekea walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wasomao jarida letu, ni hili: ni wakati gani kuonyesha njia huwa kazi ya halali yenye kustahili ujira, na ni wakati gani ujira wenyewe huipoteza njia?

Swali hili halikunijia kutoka vitabuni, bali lilinijia ndani ya bahasha. Na kwa kuwa si uungwana kuwahukumu wengine kabla ya mtu kujihukumu mwenyewe, nitaanza na kisa changu.

Wakazi wa Bujumbura hawajasahau siku ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la mji lilipoungua. Katika mtaa wangu alikuwapo mama mmoja muuza vitenge ambaye kibanda chake kilikuwa ndani ya soko hilo. Asubuhi ile alipoteza bidhaa, akapoteza madeni aliyokuwa akiwadai watu, maana daftari liliungua, akapoteza na stakabadhi zote. Baada ya miezi kadhaa alianza upya kwa mtaji mdogo wa kukopa, akiuza huko Buyenzi. Mwaka uliofuata alinijia na karatasi za kodi. Mama huyu husema Kiswahili na Kirundi kwa ufasaha ambao ningependa wanafunzi wangu wote wawe nao, ila karatasi zile zilikuwa za Kifaransa, naye Kifaransa hakijui. "Mwalimu," aliniambia, "nisomee, kisha niambie niende kwa nani."

Nilimsomea juu juu. Kisha nikampeleka kwa bwana mmoja mwenye chumba chake cha kuandikia watu barua na hesabu, mtu mcheshi, mwenye kompyuta na mhuri. Nilikwisha kumpelekea watu wengine kabla ya hapo, kwa nia njema kabisa. Juma moja baadaye bwana yule alipita nyumbani kwangu wakati wa magharibi akaniachia bahasha yenye faranga elfu ishirini. "Hiki ni kilemba chako, Mwalimu," alisema. "Wewe umenifanyia kazi." Nami nilipokea. Sikujiuliza sana. Mshahara wa mwalimu kila mtu aujua, na mwezi ulikuwa haujafika katikati.

Ilipita miezi mingi ndipo yule mama aliponionyesha stakabadhi ya malipo, nami kwa mara ya kwanza nikaisoma ile hati aliyoandikiwa, mstari kwa mstari. Bwana mwandishi alikuwa amenakili takwimu za mwaka wa nyuma. Hasara ya moto haikutajwa hata kwa neno moja. Hakumwuliza mama, na mama hakujua kwamba ilipasa aulizwe. Alikwisha kutia sahihi kwa sababu Mwalimu alisema mtu huyu ni wa kuaminika. Kwa maneno mengine, alilipia kodi vitenge vilivyokuwa majivu.

Hapo ndipo lile neno kilemba lilipoanza kunisumbua. Walimu wa lugha hatuna budi kuyahoji maneno yanapotujia yamevaa nguo za kuazima. Kilemba ni kitambaa cha kichwani, na kwa desturi za Waswahili ni zawadi ambayo mwanafunzi humpa fundi au mwalimu wake amalizapo kufunzwa. Tuitazame zawadi hiyo kwa makini. Hutolewa na yule aliyefaidika. Hutolewa baada ya kazi kukamilika na kuonekana. Hutolewa mbele za watu, tena mpokeaji huivaa kichwani, mahali ambapo kila mpita njia ataiona. Bahasha yangu haikuwa na sifa hata moja kati ya hizo. Aliyetoa hakuwa aliyehudumiwa. Fedha zenyewe zilitoka katika mfuko wa mtu wa tatu ambaye hakuwapo wala hakuambiwa. Kazi ilikuwa bado haijapimwa kama ni njema au mbovu. Nayo ililetwa jioni, mkono kwa mkono. Yule bwana aliazima neno la heshima akalivisha jambo jingine kabisa.

Katika utamaduni wa Warundi lipo jambo la kulinganishwa na hilo. Wabashingantahe, wale wazee wenye kushika fimbo ya haki na kuamua mashauri vilimani, walikuwa wakipewa pombe na wenye shauri, na pombe hiyo iliitwa agatutu k'abagabo. Mtu mwenye haraka angesema hiyo ni rushwa tu. Lakini pombe ile ilinyweka barazani, watu wakiona, na kila mmoja alijua nani kaileta na kwa nini. Wazee husimulia kwamba desturi hiyo iliharibika pale pombe ilipogeuka fedha, na fedha zikapelekwa nyumbani badala ya kuwekwa katikati ya watu. Kirundi kina neno jingine kwa kitu cha namna hiyo, nalo ni igiturire, na hakuna mtu anayelitamka kwa kujivuna.

Vivyo hivyo dalali wa mnada. Yeye husimama juu ya sanduku akipaza sauti, na hakuna mnunuzi asiyejua kwamba dalali atapata fungu lake katika bei. Kwa hiyo mnunuzi huyasikia maneno yake kwa sikio la tahadhari: dalali akisema kitanda hiki ni cha mninga, yeye hukigonga kwanza. Hata komisiyoneri wa nyumba sina ugomvi naye. Ukimfuata umekwisha kujua kwamba anauza hatua zake, nawe unapima maneno yake kwa kipimo hicho. Yule mama, kinyume chake, hakuja kwa dalali. Alikuja kwa mwalimu. Maneno yangu hakuyagonga ili asikie sauti ya mti, kwa sababu alidhani hayakuwa ya kuuzwa.

Nilipomweleza mwenzangu mmoja, mwalimu wa hesabu, alinicheka. Hoja yake ilikuwa nzito, nami naiweka hapa kama alivyoitoa. Alisema: yule bwana mwandishi angehitaji kujitangaza kwa njia yoyote ile, kwa bango au kwa redio, na gharama hiyo ingeingia katika bei yake. Badala ya kulilipa bango, amekulipa wewe. Mama amelipa bei ile ile aliyolipa kila mtu. Wewe umepata, bwana amepata, mama hakupoteza kitu kwa sababu ya bahasha. Alichopoteza kilitokana na uzembe wa mwandishi, na uzembe ungekuwapo hata bila bahasha. Akamalizia kwa methali yetu: mkono mtupu haulambwi.

Katika hesabu yake sikuona kosa. Kosa nililiona katika kile alichokiacha nje ya hesabu. Nilipopokea bahasha ya kwanza, kuna swali moja niliacha kuuliza bila ya kujitambua. Kabla yake nilikuwa nikijiuliza, "Je, bwana huyu anaandika vizuri? Watu niliompelekea wameridhika?" Baada yake nilijikuta nikijiuliza, "Nani mwingine mtaani ana karatasi?" Bango halina macho, wala hakuna anayelitegemea liwe nayo. Mimi nilikuwa nayo, na yule mama alikuwa akiyategemea kwa sababu ya kwake katika Kifaransa yalikuwa yamefumbwa. Kilichonunuliwa kwa faranga elfu ishirini ni ule uangalifu ambao ungenifanya niombe kuiona hati kabla haijatiwa sahihi. Uzembe ulikuwa wa mwandishi, sawa. Lakini mlinzi ambaye angeuona alikuwa amelipwa alale.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Unguja, katika karne ya 19, masultani waliikodisha forodha yao kwa wafanyabiashara, na Jairam Shivji ndiye ajulikanaye zaidi kati yao; mkodishwaji alimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa, na kilichozidi kikawa chake. Wadachi nao, walipoanzisha kodi ya nyumba katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1898, waliwaachia majumbe na maakida fungu la kile walichokusanya. Mtu anayelipwa kwa fungu huona nyumba hata pale ambapo pamebaki nguzo mbili na majivu. Sisemi kwamba wote walidhulumu. Nasema utaratibu wenyewe uliwafundisha waangalie wapi.

Basi sheria isemeje? Wahasibu wana kanuni yao ya kimataifa ya maadili, na kanuni hiyo haikatazi moja kwa moja ujira wa kuelekeza. Huutambua kuwa ni kishawishi chenye kuweza kupinda uamuzi wa mtu, na mojawapo ya kinga inazozitaja ni mteja kuarifiwa mapema. Waganga wa Ufaransa ni wakali zaidi: kanuni zao zinakataza kabisa tabibu kugawana ada kwa siri na yule aliyempelekea mgonjwa. Nilipozilinganisha kanuni hizi mbili, mwanzoni niliipenda ile ya wahasibu. Ilionekana ya kiungwana, inayomheshimu mteja kama mtu mzima: mwambie, kisha mwache achague.

Lakini nilijaribu kuifikiria katika baraza yangu mwenyewe, na hapo ikaanza kuvuja. Tuseme ningemwambia yule mama, "Bwana huyu hunipa kitu kidogo kwa kila mtu nimpelekeaye." Angejibu nini? Nawajua mama zetu. Angesema, "Haya, Mwalimu, riziki yako," na angekwenda vile vile. Angefanya nini kingine? Hajui mwandishi mwingine, hana njia ya kupima kazi yao, na kumkatalia mwalimu wa wanawe ni jambo la aibu. Kumwarifu mtu ambaye hana la kufanya kwa hiyo habari si kumpa uhuru, ni kujisafisha mikono katika maji yake. Kanuni ya kuarifu inafaa pale ambapo wawili wako karibu kuwa sawa, kama mfanyabiashara mkubwa na wakili wake. Pale ambapo mmoja anamwita mwenzake Mwalimu kwa heshima na unyenyekevu, nadhani waganga ndio walioona mbali zaidi. Fedha ile haifai kupokelewa kabisa.

Watu wengine husema: matatizo haya yote yangekwisha kama kila mwandika kodi angekuwa na leseni. Hapa inafaa tutulie kidogo, maana neno leseni huleta faraja kubwa kuliko inavyostahili.

Marekani walijaribu. Huko mtu yeyote aweza kuwaandikia wenzake hati za kodi kwa malipo, iwapo amejiandikisha na kupata namba yake, na mwaka 2011 Idara ya Mapato ya nchi hiyo ilitangaza kwamba waandishi hao watafanya mtihani na kuhudhuria masomo kila mwaka. Waandishi watatu wakaishtaki idara. Sheria ambayo serikali iliitegemea ilikuwa ya mwaka 1884, na ilitungwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakiwawakilisha raia wenye madai dhidi ya hazina, yakiwamo madai ya farasi waliopotea katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mahakama iliamua Januari 2013, na mahakama ya rufani ikathibitisha Februari 2014, kwamba kumwandikia mtu hati si kumwakilisha, na kwamba sheria ile ya farasi haiwezi kubeba mzigo huo. Jimbo la Oregon, hata hivyo, lina leseni yake tangu miaka ya 1970. Kinachonivutia katika kesi hiyo ni swali lililofichwa ndani yake, ambalo ni swali la mwalimu wa lugha: anayeandika maneno ya mwenzake, je, anasema kwa ajili yake, au anaazima mkono tu?

Karibu na kwetu kuna jibu lililo wazi zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo inatuhusu Warundi tangu tulipoingia katika umoja wa forodha mwaka 2009, hairuhusu mtu kuwa wakala wa forodha bila leseni. Tena inasema jambo ambalo mimi naliona zito kuliko leseni yenyewe: wakala aliyetoa tamko juu ya mzigo huhesabiwa kama mwenye mzigo, na ushuru wake waweza kudaiwa kwake. Mzigo ukishuka katika bandari yetu ya Bujumbura kutoka Kigoma au Mpulungu, jina la aliyeuandikia limo katika karatasi, naye hawezi kusema, "Mimi niliandika tu."

Kwa kodi za ndani mambo ni tofauti. TVA ya asilimia 18 ilianza mwaka 2009, na mwaka huo huo ndipo ilipotungwa sheria ya kuunda Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR. Tangu hapo karatasi zimeongezeka, na pamoja nazo wameongezeka wanaoziandika. Wafanyabiashara wakubwa wana wahasibu wenye chama chao na nidhamu yao. Lakini muuza vitenge haendi huko. Yeye huenda katika vile vyumba vidogo vya kupigia chapa, ambako kijana au binti huandika kila kitu, kuanzia barua ya kuomba kazi mpaka hati ya kodi, na sijapata kumwona mtu akimwuliza leseni. Hati ikitoka hapo hubeba sahihi ya mama peke yake. Mwandishi ametoweka kama moshi.

Je, tumfungie chumba chake mpaka afaulu mtihani? Nasita. Leseni humpima mtu ujuzi, na ujuzi ni jambo jema. Lakini yule bwana wangu wa bahasha alikuwa na ujuzi. Angefaulu mtihani wowote. Alichokosa ni kujali, na kujali hakuna mtihani wake. Zaidi ya hayo, leseni huwa na ada, na ada hiyo atailipa mama katika bei, au atakosa kabisa mtu wa kumwandikia, na hapo itamrudia methali nyingine tuijuayo sote, penye udhia penyeza rupia. Mimi ningependelea kitu kidogo na kigumu zaidi: kila amwandikiaye mwenzake hati ya kodi kwa malipo aandike jina lake chini ya hati, pamoja na kiasi alicholipwa, na kama kuna mtu aliyemletea mteja huyo kwa fedha, jina lake nalo liwepo. Sidhani kama ningeipokea ile bahasha iwapo jina langu lingekuwa katika karatasi ya yule mama.

Na kuna jambo moja linalotuhusu sisi walimu kuliko watu wengine, ambalo siwezi kulipita kimya. Sehemu kubwa ya ujira wa bwana yule haikuwa ujira wa hesabu. Hesabu za kibanda cha vitenge mama huyo huzifanya kichwani upesi kuliko mimi. Aliyoilipia ni lugha. Alilipa ili maisha yake, ambayo anayaeleza vizuri kabisa kwa Kiswahili, yahamishwe katika Kifaransa na mtu ambaye hakuyauliza. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika Ibara ya 137, unataka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya. Maneno tunayo: mapato, matumizi, hasara, mtaji, ushuru, stakabadhi. Ushuru wenyewe tumekuwa nao kwa karne nyingi, tangu ulipokuwa fungu la kumi. Karatasi yenye safu moja iliyoandikwa, "Je, mwaka huu ulipata hasara ya moto, mafuriko au wizi?" ingemwokoa yule mama bila leseni wala mwalimu. Ingemnyima bwana wa bahasha nusu ya biashara yake, nami ingeninyima bahasha.

Nilimrudishia bwana yule fedha zake. Alishangaa, akadhani nataka ziongezwe. Kwa mama ilikuwa vigumu zaidi. Nilizunguka maneno kwa muda mrefu kabla ya kumweleza, na kabla ya kumwambia kwamba tungeandika barua ya kueleza hasara yake, ingawa huenda ingechukua muda kujibiwa. Alinisikiliza akikunja vitenge. Nilitazamia hasira, nayo ningeistahili. Aliniuliza tu ilikuwa faranga ngapi. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasema hiyo ilikuwa bei ya kitenge kimoja kizuri, kisha akatoa karatasi nyingine chini ya meza akanipa niisome, na safari hii akavuta kigoda akaketi kando yangu, akiweka kidole chake juu ya kila mstari na kuuliza unasema nini.